Divai Isiyo na Kilevi

Kila asubuhi kabla ya chai, Babu alinyoosha kidole ili Bibi amtoboe na kumpima sukari. Babu alikuwa fundi cherehani, sindano zilikuwa zikimchoma maisha yake yote, lakini hapo alijifanya anazimia. Mjukuu wao, msichana wa darasa la sita, alicheka, kisha akasoma namba kwenye mashine.

Kwa kawaida ilikuwa saba. Wiki hii ilipanda hadi kumi na moja, na leo kumi na tatu. Daktari alikuwa amemkataza Babu divai tamu, naye akaiacha. Bibi alishikilia kwamba anakula peremende kwa siri, akapekua hata kikapu cha vitambaa.

"Mzee, sukari haipandi yenyewe," alisema.

"Mke wangu, sijalamba hata chembe," Babu akajibu kwa unyonge.

Msichana alimwonea huruma sana. Akaikumbuka chupa aliyoichagua mwenyewe dukani mwanzoni mwa wiki, iliyoandikwa "Divai isiyo na kilevi". Kila mchana alimmiminia Babu bilauri nzima, na wote waliamini ni salama. Aliigeuza chupa akasoma maandishi madogo ya nyuma: kila mililita mia moja zilikuwa na gramu kumi na nne za sukari.

Angeweza kuimwaga kimyakimya. Sukari ingeshuka, na Bibi angebaki akiamini Babu ni mwizi wa peremende.

Aliibeba chupa hadi mezani. "Bibi, usimlaumu Babu. Ni mimi."

Shangazi, ambaye ni muuguzi, alipokuja aliwaeleza. Zabibu zina sukari. Ikichachuka, sehemu yake hugeuka kilevi. Kilevi kikiondolewa, watengenezaji wengine huongeza sukari ili kinywaji kinyweke. Bilauri ile moja ilikuwa na sukari ya vijiko vidogo saba. Akashauri maji yenye gesi na kipande cha ndimu.

Bibi alimtazama mumewe kwa aibu. "Miaka arobaini pamoja, nikaamini mashine kuliko wewe. Nisamehe."

Babu alisamehe papo hapo, ila alidai ndimu iwe kubwa. Baada ya siku kumi mashine ilisoma saba, na nyumba nzima ilifurahi.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia msichana, "siku nyingine soma chupa mbele na nyuma. Kosa lako lilimpandishia Babu sukari, lakini ukweli wako umemrudishia heshima."