Mbwa wa Jumamosi na Bakuli la Ayeyo

Kila Jumamosi asubuhi Nanzala alifanya mambo yale yale. Alibeba mkebe wa maziwa kutoka kwao Munyaka hadi nyumbani kwa Mzee Hussein, baba wa rafiki yake Nasra, mjini Eldoret. Alimkabidhi mama yake Nasra mkebe, akaenda kwenye mfereji wa uani na kuosha miguu yake iliyojaa vumbi. Kisha aliingia sebuleni akaketi mkekani, kando ya Nasra, mbele ya televisheni. Lakini Jumamosi hii alikuwa ameosha mguu mmoja tu wakati kikapu alichokiweka kando ya mfereji kilipopiga chafya.

"Nyamaza, wewe!" Nanzala alinong'ona, akakibana kifuniko kwa mkono uliolowa.

Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa. Ilikuwa ile miaka ambayo Wazungu walikuwa wakiuza mashamba yao na kuondoka, na watu wakajiunga pamoja kuyanunua. Baba yake Nanzala, Wanyama, alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Yeye na wenzake walikuwa wamepata shamba upande wa Plateau. Mwenye shamba alipoondoka alipakia meza, vitanda na hata maua yake, ila mbwa aliwaacha. Baba akarudi nyumbani na mmoja mdogo ndani ya koti. "Huyu atatulindia mahindi tukishahamia," alisema.

Mbwa huyo alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa sikio moja, jeusi kama chungu. Sikio hilo ndilo lililoleta balaa.

Katuni ya Jumamosi ilihusu mbwa watatu waliosafiri ndani ya puto kubwa. Walivuka milima na bahari wakimtafuta ndugu yao aliyepotea. Walizungumza Kiingereza cha haraka ambacho watoto hawakukielewa vizuri, kwa hiyo watoto waliwapa majina yao wenyewe: Mkia, Mfupi na Kapteni. Kapteni ndiye aliyekuwa na sikio moja jeusi. Wiki iliyopita, puto lilipokuwa likipotelea mawinguni, Nasra alishika mashavu yake na kusema, "Lo! Ningemwona Kapteni wa kweli hata mara moja, ningefurahi mpaka kufa!"

Nanzala aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama mtu aliyetumwa.

Si kwamba hakujua mila za nyumba ile. Alijua. Mwaka uliotangulia walikuwa wakitoka shuleni pamoja, mbwa akataka kumgusa Nasra kwa pua yake yenye unyevu, naye Nasra akaruka mtaro mzima.

"Unaogopa mbwa?" Nanzala alimcheka.

"Siogopi. Sisi Waislamu mate yake yakigusa chombo, ni lazima tukioshe mara saba. Na mara moja katika hizo saba ni kwa udongo."

"Mara saba! Na kama mna haraka?"

"Hata kama tuna haraka."

Kwa hiyo Nanzala alikuwa amepanga vizuri. Kikapu kingebaki uani. Katuni ikiisha, Nasra angekuja kumwangalia Kapteni kwa mbali, bila kumgusa. Nani angedhurika? Aliosha mguu wa pili, akaweka jiwe juu ya kifuniko na kukimbilia ndani.

Siku hiyo picha ilikuwa ikichezacheza. Mahamud, kaka yake Nasra, alikuwa juu ya paa akizungusha antena.

"Imekuja?" alipaza sauti.

"Bado!" watoto walijibu.

"Sasa je?"

"Imekuja! Imekuja! Aa, umeifukuza tena!"

"Njooni mpande nyinyi, basi, mjue paa lina moto gani!"

Watoto walicheka. Nanzala alitumia nafasi hiyo kuchungulia uani. Jiwe lilikuwa chini. Kikapu kilikuwa kimelala ubavu.

Alikimbilia varanda ya nyuma, na pale akaona jambo ambalo hakulisahau hata alipokuwa mtu mzima. Juu ya kigoda kifupi palikuwa na bakuli la mti, jeusi kwa umri, lenye maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Mtoto wa mbwa alikuwa ameegemeza miguu ya mbele kwenye kigoda na kutumbukiza mdomo ndani ya bakuli, huku mkia ukicheza.

Bakuli lile lilikuwa la bibi yake Nasra. Jina lake lilikuwa Habiba, lakini wajukuu walimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, na Nanzala naye alimwita hivyo hivyo. Ayeyo alikuja nalo kutoka Wajir alipokuwa bibi arusi. Hakunywea chombo kingine.

Nanzala alimnyakua mbwa na kumrudisha kikapuni. Aliyamwaga maziwa mtaroni. Akalifuta bakuli kwa pindo la gauni lake, akachota maziwa mengine kwenye sufuria jikoni na kulijaza. Alikuwa hajamaliza kukirudisha kigoda mahali pake aliposikia hatua za taratibu nyuma yake.

"Mtoto wa maziwa," Ayeyo alisema. Hilo ndilo jina alilompa. "Unafanya nini huku na wenzako wanatazama?"

"Nilikuwa... nilikuwa nakuangalizia nzi, Ayeyo."

"Mungu akubariki." Ayeyo aliketi, akalichukua bakuli kwa mikono miwili na kusema Bismillahi. Kisha akasita. "Mbona yana moto kama yametoka jikoni sasa hivi?"

"Ni jua, Ayeyo."

Ulimi wa Nanzala ulikuwa umekwisha kusema uongo mara mbili kabla yeye mwenyewe hajajua. Ilibaki nafasi moja. Ayeyo alipuliza maziwa. Nanzala angeweza kusema, "Usinywe!" Lilikuwa neno moja tu. Lakini mawazoni aliona mlango ukifungwa na mkeka ukikunjwa, akajiona akirudi Munyaka kila Jumamosi na mkebe mtupu na hakuna anayemngoja.

Ayeyo akanywa. Akanywa polepole, kama mtu anayeongea na rafiki. Kisha, kama alivyofanya kila Jumamosi, aliacha funda moja chini ya bakuli na kumpa Nanzala. "Mwenye kuleta maziwa asiondoke na kiu."

Nanzala alilimeza funda lile. Siku nyingine lilikuwa tamu. Siku hiyo lilishuka kama kokoto.

Hakumwonyesha Nasra kikapu. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na njiani mtoto wa mbwa alimlamba vidole kana kwamba wao wawili walikuwa wamefanya jambo la maana.

Siku tano baadaye mwezi wa Ramadhani uliandama. Jumamosi iliyofuata Nanzala aliacha mkebe mlangoni, akamwambia mama yake Nasra kwamba tumbo linamuuma, akaondoka mbio. Kutoka barabarani alisikia muziki wa katuni ukianza, na watoto wakipiga makofi. Alijiziba masikio.

Jumatatu Nasra alimngoja kwenye lango la shule. "Umepona tumbo? Ulikosa! Puto lilitoboka, Kapteni akaanguka mtoni! Sasa hatujui kama ni mzima."

"Ehe," Nanzala alisema, macho chini.

"Wewe! Nakuambia Kapteni ameanguka, unasema ehe?" Nasra alimsukuma bega kwa mzaha. "Hata Ayeyo anakuulizia. Kila jioni akifuturu ni kwa yale maziwa ya kwenu, hata yakiganda. Anasema hayana mfano. Analishika lile bakuli lake, anakuombea dua."

Nanzala alihisi uso ukimwaka. Kila jioni! Mwanamke mzee alifunga kutwa nzima bila tone la maji, kisha akafungua saumu yake kwa chombo ambacho yeye, Nanzala, alijua kilichokipata. Naye akamwombea dua. Siku hiyo mwalimu alimwuliza swali la hesabu, naye akajibu, "Saba." Jibu lilikuwa ishirini na nne. Darasa zima likacheka.

Jumamosi ya tatu aliondoka Munyaka kabla umande haujakauka. Alikuwa amepata dawa. Angelisafisha bakuli mwenyewe kimyakimya, yaishe, na pasiwe na mtu wa kujua. Uani palikuwa kimya. Bakuli lilikuwa limefunikwa kichwa chini kwenye varanda. Alilipeleka mferejini, akachota udongo mwekundu kando ya ua na kulisugua ndani na nje. Akalisuuza.

"Moja," alinong'ona. Akamwaga maji. "Mbili. Tatu. Nne."

Nyuma yake mtu alikohoa.

Ayeyo alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi. Hakuna anayeweza kusema alikuwa pale tangu lini. Nanzala aliganda, maji yakimtiririka viwikoni.

"Endelea," Ayeyo alisema. "Bado tatu."

Nanzala aliendelea. Tano. Sita. Saba. Hakupata kuosha chombo kizito kama kile. Alipomaliza, Ayeyo alikuja akaketi kwenye kigoda.

"Kwa nini umeosha bakuli langu?"

"Lilikuwa... lilikuwa na uchafu, Ayeyo."

"Uchafu wa kawaida huoshwa mara moja."

Sebuleni muziki ulianza. Sauti ya Nasra ikasikika, "Nanzala! Nimeuona mkebe, wewe uko wapi? Inaanza! Tunataka kujua kama Kapteni ni mzima!" Nanzala alitazama mlango, kisha akautazama mkono wa Ayeyo uliokuwa ukihesabu tasbihi bila haraka.

"Mbwa aliingia," alisema kwa sauti ndogo. "Akanywa."

"Mbwa wa mtaani?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ayeyo mwenyewe alikuwa kama amemfungulia mlango. Machozi yalimdondoka Nanzala kabla ya maneno.

"Hapana. Ni wetu. Nilimleta mimi, kwenye kikapu, ili Nasra amwone. Nilijua haifai. Nikamwona akinywa, nikakuona na wewe ukinywa, Ayeyo, nikanyamaza. Halafu nikakudanganya kuhusu jua."

Kisha Ayeyo alisema, "Jua lile nililishangaa sana. Varanda hii haipati jua mpaka saa nane."

Nanzala aliinua uso. Ayeyo hakuwa akicheka, lakini hakuwa amekasirika pia.

"Nisikilize, mtoto wa maziwa. Mbwa ni kiumbe cha Mungu. Baba yangu alikuwa na mmoja wa kulinda mbuzi, na mbwa huyo alikula kabla yetu sisi watoto. Huyu wako hakukosa, aliona maziwa, akanywa. Mimi pia sikukosa, kwa kuwa sikujua. Na bakuli umeliosha sawasawa, kuliko hata wajukuu wangu. Lakini wewe ulijua, ukaniacha ninywe. Hilo ndilo lililoniuma."

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekukemea, hiyo ni kweli. Ningekukemea mpaka Mahamud asikie huko juu ya paa. Halafu tungeosha bakuli, yakaisha siku hiyo hiyo. Umebeba mzigo wiki mbili kwa jambo la nusu saa." Ayeyo alimshika kidevu. "Kosa lililosemwa huwa dogo, mwanangu. Linalofichwa hukua, na anayelilisha ni wewe. Mbwa wako abaki kwenu. Wewe nyumba hii ni yako. Nimekusamehe."

Nanzala alijifuta macho. Alitaka kubaki pale pale kando ya magoti yake, lakini Ayeyo alikuwa akitazama mlango wa sebuleni.

"Na rafiki yako? Yeye ulimwambia nini?"

Nanzala alirudi mferejini. Aliosha miguu yake yote miwili, akaingia ndani. Kwenye televisheni mbwa mwenye sikio jeusi alikuwa akijikokota kutoka mtoni, akijikung'uta maji, na watoto walikuwa wakishangilia.

"Ahaa! Mgonjwa wa tumbo amefufuka!" Mahamud alisema. "Sogea basi, umeziba picha!"

Nanzala hakusogea. Alisimama mbele ya mkeka, miguu ikidondosha maji, akamtazama Nasra. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Nasra, tumbo halikuwa linaniuma. Nilikuwa naona aibu."