Alama kwenye Fimbo ya Muzee Nsengimana

— Mbuzi wawili, Hilaire. Na simu yangu inaniambia hewa ni salama.

Igihozo alimwonyesha. Ujumbe ulikuwa umetumwa na kidude cha kupima hewa walichokitengeneza kwa mikono yao: «Saa 12:10 asubuhi. Hewa salama.» Nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kwenye shimo ambamo mazuku, ile hewa ya volkano isiyo na harufu inayoua, hutulia alfajiri, mbuzi wa baba yake walikuwa wamekufa, wamelala ubavu kama waliosinzia.

Hilaire hakuitazama simu. Alikuwa anatazama nguzo aliyoisimika shimoni. Igihozo naye akaitazama. Kidude kilikuwa kimefungwa juu, usawa wa kifua cha mtu mzima.

— Nilikuambia chini, akasema polepole. Usawa wa goti la mutoto. Ukanitumia picha.

— Niliipiga kwa karibu.

— Ili nisione udongo.

— Ndiyo.

Miezi sita walikuwa wamekaa benchi moja katika ukumbi wa Majengo, ambapo Madame Olive aliwafundisha vijana ishirini kuunganisha vidude na simu, na kuizoeza kompyuta kutambua hatari kwa kusoma namba. Wazo la mazuku lilikuwa la Igihozo. Shimo lile lilimchukua mdogo wake, Mahoro, akiwa na miaka minne, alipoinama kuokota mpira. Hilaire, mtoto wa watu wa Butembo, mbali na volkano, hakuwa amewahi kusikia kwamba hewa inaweza kutuama kama maji. Siku alipoisikia habari hiyo alilia mbele ya darasa zima bila kujificha, na Igihozo alianza kumpenda siku hiyohiyo.

Baba yake Igihozo, Muzee Nsengimana, alifika akiegemea fimbo yake. Hakufoka. Aliwatazama mbuzi, akatazama nguzo, kisha akamuuliza binti yake kama huyu ndiye kijana ambaye wazee wake walikuwa waje Jumamosi kujitambulisha kwa ajili ya posa.

— Ndiye, Papa.

— Basi wabaki kwao. Mutu anayekudanganya juu ya shimo hili, atakudanganya juu ya nini tena?

Kwa siku mbili Igihozo hakupokea simu za Hilaire. Jumbe alizisoma zote.

«Mwanzoni nilikiweka chini kama ulivyosema. Kila asubuhi namba zikawa zinaruka, nikafikiri kimeharibika. Nilipokipandisha zikatulia. Hata karatasi ya mafunzo ilisema kifuani. Nikaona haya kukuambia.»

Alijibu mara moja tu: «Hakikuharibika. Kilikuwa kinasema kweli. Na mimi pia.»

Ijumaa kila wawili walionyesha kazi yao mbele ya wageni. Watakaoshinda wangepata kazi ya mwaka mzima, na hakuna aliyeihitaji kazi hiyo kuliko Hilaire. Igihozo alisimama pembeni yake bila kumgusa. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikuwa ameketi baba yake, ambaye hakuwa amesema kwamba atakuja.

Kwenye ukuta namba zao ziling'aa: mara tisini na nane kati ya mia, mashini ilijibu sawa. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ilibaki Hilaire asome tu, akae.

Akaifunga kompyuta.

— Namba hizi ni nzuri lakini hazina faida, alisema. Mashini haina kosa. Mimi ndiye niliyeifundisha hewa ya usawa wa kifua changu, mahali ambapo mbuzi hapumui wala mutoto haokoti mpira. Igihozo aliniambia. Nikaamini karatasi kuliko yeye, kisha nikamuficha.

Madame Olive aliuliza kimo sahihi kingejulikanaje basi. Hilaire alimgeukia Igihozo, lakini kabla hajafungua kinywa, benchi la nyuma lililia. Muzee Nsengimana alikuja mpaka mbele, akaisimamisha fimbo yake kwenye sementi. Karibu na chini kulikuwa na alama ya kisu, nyeusi kwa uzee.

— Hapa, alisema. Tulipomaliza kumzika Mahoro, nilikaa ukingoni mwa shimo asubuhi saba mfululizo, nikishusha mshumaa kwa kamba. Pale ulipozimika, nikapima kwa fimbo, nikakata alama.

Igihozo alikuwa ameiona alama ile maisha yake yote. Alidhani ni mkwaruzo tu.

Hawakushinda. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa wawili waliomwagilia maharage kwa simu. Madame Olive aliwapa mwezi mmoja waifundishe mashini upya.

Nje, kwenye vumbi jeusi la barabara, Hilaire alimwomba muzee msamaha kwa ajili ya mbuzi. Muzee hakusema amesamehe. Alimpa fimbo.

— Funga kidude chako hapo kwenye alama. Kisha uisimike shimoni.

— Na wewe, Muzee, utatembea na nini?

— Kesho si Jumamosi? Wazee wako waniletee ingine.

Akaondoka taratibu, mkono mmoja ukigusa ukuta. Hilaire alibaki ameikumbatia fimbo, macho yamejaa machozi, hajui aanzie wapi. Igihozo alimsogelea, akaipangusa kola yake vumbi.

— Ukishakifunga, nitumie picha, alisema. Na safari hii uipige kwa mbali.