Goti Lilipona

Ndugu zangu wenye wazee nyumbani, hebu nisikilizeni. Jambo hili limetokea nyumba ya pili kutoka kwangu, na mpaka leo linanikereketa rohoni.

Asubuhi ungewakuta barazani mama na bintiye. Binti ni fundi cherehani, na mtaa mzima tunamwita Fundi. Mama alikuwa akiketi kando yake, anafumua nyuzi za nguo za wateja huku akimchokoza: "Pindo hilo limepinda kama goti langu!" Wanacheka, kazi inaendelea. Walipendana hao, na hilo sitaki mtu alitie shaka.

Goti ndilo lililouharibu utulivu ule. Lilimuuma mama mpaka akawa haendi msalani bila kushikwa. Hospitali ilikubali kumpasua, lakini zamu ilichelewa, na katika kungoja huko mama akakonda. Akipewa chakula anaonja, anasukuma sahani. Akisimama, anahema kabla hajapiga hatua.

Fundi aliyaona yote. Akafanya nini? Akapunguza nguo za mama! Kila gauni lililompwaya alilipitisha kwenye cherehani, likamkaa sawasawa. Alichelea maneno ya watu, wasije wakasema anamtesa mzazi kwa njaa. Na sisi majirani, kwa midomo yetu isiyo na breki, tukawa tunamsifu: "Mama yako ananawiri!"

Ikafika siku ya kumpima mama kabla ya upasuaji. Ya chumbani mle Fundi alinisimulia mwenyewe, machozi yakimtoka.

"Bibi, siku hizi unakula vizuri?" muuguzi aliuliza.

"Anakula sana," akajibu Fundi.

"Nguo hazijaanza kumpwaya?"

"Wapi! Hebu tazama gauni lilivyomkaa."

Muuguzi akatazama. Kweli lilimkaa. Mzani nao ulitaja uzito wa siku ile. Wa mwaka jana mzani ungeujulia wapi?

"Haya bibi, naomba usimame bila kushika kiti, utembee mpaka mlangoni, urudi."

Fundi alikwishamtia mama mkono kwapani. "Goti linamuuma, dada. Si ndiyo maana tumekuja?"

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, si goti peke yake. Nguvu zenyewe sina. Mwambie."

"Mama naye! Anaogopa kisu tu huyu," Fundi akacheka. "Juzi kafua nguo zake mwenyewe."

Uongo mtupu. Mama yule hata leso ilikuwa inamshinda kukamua. Muuguzi akasita, kisha akaandika alivyoambiwa. Msikimbilie kumlaumu, aliyekuwa akilala nyumba moja na mama huyo si yeye.

Upasuaji ukaenda vizuri. Goti likanyooka. Lakini mama alipoamka kwenye dawa ya usingizi, akili haikurudi yote. Akawa anaona wadudu ukutani, anachomoa mipira ya dawa. Wakimsimamisha kwa mazoezi, miguu inalegea. Kulala mfululizo kukamtia vidonda mgongoni, kisha kifua kikambana.

Daktari akamwita Fundi. "Niambie kweli, mama alikuwa na nguvu gani kabla hatujampasua?"

Hapo ndipo Fundi aliposema yote, nguo na kila kitu.

Daktari akashusha pumzi. "Tungejua, tungeahirisha. Angelishwa kwanza, angefanyishwa mazoezi mpaka mwili ukaze. Pengine tungemtuliza maumivu bila kisu kabisa."

"Niliogopa mtamnyima zamu yake."

"Zamu ingengoja, dada."

Fundi akarudi kitandani, akamshika mama mkono. Mama akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Nesi," akasema, "mwanangu akija mwambie nimechoka. Mimi nikisema, hataki."

Hakusema tena neno la maana. Baada ya siku chache akafariki. Goti lilipona, ndugu zangu. Mwenye goti tukamzika.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi hakuficha maradhi, maana lile goti mtaa mzima tulilijua. Alichoficha ni unyonge wa mama yake, akidhani ni aibu. Si aibu! Mwili wa mzee huisha nguvu hata akitunzwa na watoto kumi, na daktari anayeuliza kama anakula, kama anasimama mwenyewe, hakuchunguzi wewe mtoto. Anataka kujua kama mwili huo utaweza kustahimili kisu. Kwa hiyo ukimpeleka mzazi wako akapimwe, mavazi mazuri mvalishe na mkono mshike njiani. Ila akiulizwa hali yake, funga mdomo umwache ajibu mwenyewe. Na akisema hana nguvu, mwamini.