Mstari Mmoja Juu ya Medali

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, Kasuku alivuka ua kwenda kumwagilia miche ya bibi jirani. Jina hilo la Kasuku alipewa na wenzake darasani kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Bibi naye aliitwa Bibi Mbegu, kwani kabla ya kustaafu alikuwa amefanya utafiti wa magonjwa ya maharage kwa miaka thelathini.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwaagiza waandike wasifu wa mwanasayansi. Utakaoshinda ungetundikwa kwenye ukuta wa maktaba, na Kasuku aliutaka ukuta ule kwa moyo wake wote. Akamwandika Bibi Mbegu kwa wino kwenye karatasi ya manila. Kwa kuwa aliona maharage hayana mvuto, akamvisha bibi medali ya dhahabu.

Jioni alimsomea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Medali hiyo iko wapi, mjukuu wangu? Au panya wameila?"

"Nilitaka ushinde, bibi."

"Nishinde mimi, au wewe?"

Swali hilo lilimchoma Kasuku.

Bibi akaleta daftari kuukuu, akamwonyesha ukurasa mmoja. *Ugonjwa unaletwa na maji.* Sentensi hiyo ilikuwa imepigwa mstari, lakini bado ilisomeka. Chini yake: *Nilikosea. Unaletwa na mbegu.*

"Misimu miwili nilipotea njia," alisema bibi. "Kazini kwetu kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja, unaandika ukweli chini yake, unatia sahihi. Nikilificha, mwenzangu atapotea palepale."

Kesho yake Kasuku alisimama mbele ya darasa na karatasi yake. Sentensi ya medali ilikuwa imepigwa mstari mmoja, na chini yake akasoma: "Hakupata medali. Niliibuni mimi. Alikosea misimu miwili, akakiri, akaanza upya."

"Maskini bibi, kanyang'anywa medali!" mmoja alipiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko. Kasuku alitamani ardhi immeze.

Mwalimu hakucheka. Aliisoma karatasi ile taratibu, kisha akachukua gundi ya kuibandika maktabani.

"Mwalimu, nikaiandike upya kwanza? Imechafuka."

"Iache hivyohivyo," alisema mwalimu. "Kukosea hakumwondolei mtu usomi wake. Kinachomwondolea ni kuficha alipokosea. Wasifu mwingine wote niliosoma leo ni wa watu wasiokosea kamwe, na watu hao mimi sijawahi kukutana nao."