Aliyeiba Chelo ya Twiga

Sanduku lilikuwa wazi katikati ya chumba cha mazoezi cha shule ya muziki, tupu. Kitambaa chekundu cha mahameli ndani yake kilikuwa bado na umbo la kitu kilichokuwa kimelala pale asubuhi.

"Nani ameligusa?" Inspekta aliuliza.

"Mimi tu, afande," alijibu mwenye sanduku. "Nimelifungua nikakuta hivyo unavyoona."

Alikuwa mwanamume mrefu kupita kiasi, mrefu hivi kwamba wenzake walimwita Twiga, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kupiga chelo, ile ala kubwa ya nyuzi nne ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti. Chelo hiyo aliachiwa na mwalimu wake kabla hajafariki. Sasa haikuwepo.

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mnene kidogo, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwingine achoke na kusema. Kuhusu muziki hakujua kitu. Kuhusu milango alijua mengi, na kitasa cha mlango huu kilikuwa kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa sita tulimaliza mazoezi ya asubuhi. Nikaifunga sandukuni, nikafunga mlango. Niliporudi saa nane kasorobo, sanduku lipo, chelo haipo."

"Ufunguo anao nani?"

"Sisi wanne. Na mlinzi wa getini."

Sisi wanne. Inspekta aliinua macho. Wengine watatu walikuwa wamesimama ukutani kama watu waliofiwa.

Walikuwa wamepiga muziki pamoja miaka kumi na tisa. Walianzia kwenye kumbi za shule, wakapiga kwenye harusi ambako hakuna aliyewasikiliza, wakapanda pole pole mpaka majumba makubwa. Kiongozi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi za mapema, mpigaji wa fidla ya kwanza. Wote walimwita Dada. Fidla ya pili alipiga mdogo wake wa tumbo moja, na huyo aliitwa Mdogo ingawa alikuwa na miaka arobaini na mbili. Viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi, ilikuwa ya mume wa Dada. Yeye aliitwa Shemeji hata na watu ambao hakuwa shemeji yao.

"Leo Alhamisi," alisema Dada. "Jumamosi majaji watatu wanakuja kutusikiliza. Jumba jipya la muziki linatafuta kundi moja la kudumu. Mkataba wa miaka miwili, chumba chetu wenyewe, maonyesho kila mwezi. Tumeingoja nafasi hii maisha yetu yote."

"Si angeazima chelo nyingine?"

Twiga alimtazama Inspekta kana kwamba ametukanwa. "Afande, wewe unaweza kukimbia mbio za kilomita kumi na viatu vya kuazima?"

"Kilomita kumi siwezi hata na vyangu," alisema Inspekta. "Lakini nimekuelewa."

Akaanza kuangalia kile ambacho mwizi hakuchukua. Upinde wa chelo, ule wa kusugulia nyuzi, ulikuwa bado umefungwa kwenye kifuniko cha sanduku.

"Huu una thamani?"

"Kubwa sana. Fundi aliyeuchonga hayupo tena."

"Na hapa pembeni kulikuwa na nini?" Alionyesha kijishimo kidogo kwenye mahameli.

Twiga aliinama. "Mpira wenye sponji. Nauloweka maji, nauingiza ndani ya chelo ili mbao zisikauke zikapasuka." Akapapasa mahameli. "Nao umechukuliwa!"

Inspekta alisimama, magoti yakalia. Mwizi aliyeacha upinde wa thamani akachukua sponji yenye maji. Huyo hakutaka kuuza. Alitaka chelo iwe salama huko iendako.

"Sajini," alisema kwa sauti ya chini, "alama za vidole tutachukua kwa sababu lazima zichukuliwe. Lakini utakuta za hawa hawa. Mwite kila mmoja peke yake."

Alianza na Shemeji, katika ofisi ndogo ya mwalimu mkuu wa shule ile ya muziki.

"Kati ya saa sita na saa nane ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kushona viatu. Kwa fundi pale kona."

"Alikushonea?"

"Ndiyo. Kisigino."

"Sajini wangu ni mteja wake. Fundi huyo hajafungua kibanda tangu Jumatatu. Ana msiba."

Shemeji alitazama viatu vyake kana kwamba vitamsaidia.

"Chelo iko wapi?"

"Mungu wangu! Afande, chelo sijaigusa."

"Basi ulikuwa wapi?"

Alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kadi ya miadi ya hospitali. Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Kliniki ya masikio. Jina lililoandikwa halikuwa lake.

"Ni la mke wangu," alisema. "Nimetoka kumchukulia miadi. Hajui. Naomba asijue kwanza. Akisikia kabla ya Jumamosi..." Akautazama mlango. "Nyumbani simu inaita mezani, yeye anapita tu. Birika linapiga kelele, yeye yuko pembeni yake anasoma. Nikimgusia, anasema mimi ndiye nanong'ona."

Inspekta alirudisha kadi ile mkononi mwake.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi tu."

Mdogo alipoingia, alikaa wima, mikono juu ya mapaja.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani. Nilinunua nyuzi."

"Zipo?"

Akazitoa mkobani, pakiti mpya. Majibu yake yalikuwa mafupi na safi. Safi mno, aliwaza Inspekta. Mtu asiye na kosa hubabaika.

"Kama chelo isipopatikana, Jumamosi itakuwaje?"

"Tutaomba siku nyingine. Wiki moja au mbili."

"Wakikataa?"

Mdogo aliinamisha macho. "Basi tutakuwa tumekosa kwa bahati mbaya. Si kosa la mtu."

Inspekta aliandika sentensi hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari chini.

Kisha akatembea jengo zima. Mwisho wa korido, ghorofa ile ile ya chumba cha mazoezi, kulikuwa na stoo isiyofungwa: ngoma zilizochanika, viti vya chuma, makabati ya karatasi za nota. Kwenye kona liliegemea besi kubwa la shule, ala ndefu kuliko mtu. Kila kitu ndani ya stoo kilikuwa na vumbi. Besi lile lilikuwa linang'aa.

"Sajini, kwa nini hili halina vumbi?"

Sajini alipitisha kidole. "Lilikuwa limefunikwa, afande."

"Na kifuniko kiko wapi?"

Walitafuta stoo yote. Mfuko wa turubai wa besi haukuwemo.

Inspekta alishuka ngazi mbili mbili, jambo ambalo magoti yake yalimlaumu baadaye, mpaka kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee nadhifu, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini nimeshamweleza sajini wako. Hakuna mtu aliyetoka na chelo. Sanduku la chelo nalijua, ni jeupe, lina magurudumu."

"Sikuulizi chelo. Nakuuliza, nani alitoka na kitu chochote?"

Uso wa mzee ukachanua. "Hapo sasa umeniuliza vingine! Mdogo alitoka na lile besi, kwenye mfuko wake wa kijani. Anasema linapelekwa kwa fundi. Nikataka kumsaidia, akanikatalia. Amelibeba mwenyewe hadi kwenye teksi."

"Peke yake? Besi zima?"

Mlinzi alikuna kidevu. Akafikiri. "Lile siku ya kuletwa tulilibeba watu watatu," alisema pole pole.

Fundi wa ala za nyuzi alikuwa na karakana mtaa wa tatu kutoka pale, chumba kinachonuka gundi na mbao mpya. Chelo ilikuwa imening'inizwa ukutani, mbali na dirisha, sponji ndani yake bado ina unyevu. Fundi alishangaa kuona polisi.

"Mdogo aliniambia niitunze tu mpaka Jumatano ijayo. Nikamuuliza ina tatizo gani, akasema haina. Ameniomba nisiiweke juani."

"Jumatano," Inspekta alirudia.

Saa kumi na moja jioni aliwakusanya wote wanne katika chumba cha mazoezi. Sajini aliingia nyuma yake amekumbatia mfuko wa kijani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Twiga aliuona, akajua kabla haujafunguliwa. Alipiga magoti sakafuni, akapapasa mbao za chelo upande kwa upande.

"Nzima," alisema. "Nzima kabisa. Nani?"

Inspekta hakujibu. Alimtazama Mdogo, akanyamaza kwa ule unyamavu wake.

"Ni mimi," alisema Mdogo.

Dada aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Nilirudi saa sita na nusu, nikaitoa sandukuni, nikaivika mfuko wa besi. Nyuzi nilikuwa nazo tangu jana."

"Kwa nini?" Twiga alipaza sauti. "Miaka kumi na tisa, Mdogo! Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mweleze," alisema Inspekta.

Mdogo alijaribu kumtazama dada yake, akashindwa, akazungumza na sakafu. "Kwa sababu Dada hasikii."

Shemeji aliinua kichwa.

"Sauti za juu, hazisikii. Miezi minane sasa. Fidla yake inapanda nje ya sauti kidogo tu, unywele. Mimi namfuata. Akipanda napanda, akishuka nashuka. Wawili tukikosea pamoja, watu wanadhani ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kipande cha Jumamosi, sehemu ya tatu, anabaki peke yake juu kabisa kwa karibu dakika nzima. Pale siwezi kumfuata. Pale angeaibika mbele ya majaji, na asingejua hata kwamba ameaibika." Machozi yalimtoka. "Nilimwomba tuahirishe. Akasema nina woga. Basi nikaona afadhali tukose nafasi kwa mkosi kuliko aikose kwa fedheha. Nilitaka wiki moja tu, nipate ujasiri wa kumpeleka kwa daktari. Jumatano kuna daktari wa masikio, nilishaulizia."

Shemeji alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Akatoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya stendi ya nota. "Jumatano," alisema. "Saa nne."

Dada alisoma kadi ile. Alisoma jina lake. Inspekta alijiandaa kwa kelele, lakini mwanamke yule alivuta kiti akakaa.

"Mnadhani sijui?" alisema. "Kuna ndege kwenye mti wa dirishani kwetu. Walinyamaza mwaka jana. Nikadhani wamehama, mpaka siku moja nikamwona mmoja tawini, mdomo wazi, koo linacheza, na mimi sisikii kitu. Tangu siku hiyo natazama vidole vyangu badala ya kusikiliza. Nilidhani nawaficha nyinyi."

"Na mimi nilijua," alisema Twiga kutoka sakafuni, sauti ya chini. "Kwenye onyesho la mwezi wa tatu. Ndiyo maana siku hizi nakandamiza upinde, upate kunisikia vizuri."

Sajini alikohoa. Inspekta alivua miwani.

"Yaani mmekaa chumba kimoja watu wanne," alisema, "kila mmoja anaificha siri ile ile."

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimtoka puani, kibaya, kama mtu anayelia, kisha kikamshika Twiga, kisha Dada mwenyewe. Mdogo peke yake hakucheka. Alimwendea Twiga.

"Nisamehe. Nilikuchukulia kitu cha mwalimu wako. Nilikuacha saa tatu nzima ukidhani kimepotea. Hakuna sababu inayofuta hilo."

Twiga aliinuka sakafuni. "Leo nimezeeka miaka kumi," alisema. "Usirudie tena. Ukiwa na neno, niambie mimi." Akamgeukia Inspekta. "Afande, nafuta malalamiko."

"Wizi ni kuchukua mali kwa nia ya kumnyima mwenyewe kabisa," alisema Inspekta. "Nia hiyo siioni hapa. Lakini umedanganya polisi, Mdogo, na hilo nitaliandika. Jumatatu asubuhi utafika kituoni kupewa onyo la maandishi. Usichelewe."

"Sitachelewa."

Dada alikuwa amesimama. Alibeba nota zake kutoka kwenye stendi ya kwanza, akaziweka kwenye ya pili.

"Dada, unafanya nini?" Mdogo aliuliza.

"Nahama. Sauti za chini na za kati nazisikia kama zamani, na fidla ya pili huishi huko. Wewe umenifuata miezi minane, sehemu yangu unaijua kuliko mimi. Kaa."

"Tuna siku mbili tu!"

"Basi acha kulia, tuanze."

Jumamosi saa tisa alasiri, Inspekta alikaa safu ya nne na Sajini pembeni yake. Kabla ya kuanza, jaji mmoja aliuliza kwa nini viti havilingani na majina yaliyoandikwa kwenye ratiba. Dada alisimama akamjibu bila kupinda: masikio yake yamepungua, dada na mdogo wamebadilishana, na kundi ni lile lile. Kisha akakaa.

Sehemu ya tatu ilipofika, Mdogo alibaki peke yake kule juu. Inspekta hakujua kama alipiga vizuri. Aliona tu kwamba Dada alikuwa amefumba macho, na kwamba Sajini, mtu wa kusinzia hata kwenye gwaride, alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Majaji walitoka nusu saa. Waliporudi, waliwapa mkataba.

Na Jumatano, saa nne kasoro dakika kumi, watu wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi la kliniki ya masikio, mmoja wao magoti yake yakiziba njia. Muuguzi alifungua mlango, akawatazama wote.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," alisema Dada, akanyanyuka, akaingia.