Msamaha Uliochelewa Kupanda Chome

"Mbona umeandika jina lake tena?" Saada aliuliza, akichungulia daftari. "Nilikwambia ujiandikie wewe. 'Mimi Beatha, nimejisamehe.' Basi!"

"Kalamu inakataa."

"Kalamu haina kosa. Hebu shika jiwe."

Beatha akalifumbata lile jiwe la rangi ya waridi. Saada aliuza vito na urembo, kibanda chake kikipakana na cherehani ya Beatha pale Same mjini. Tangu aanze kufuatilia mafunzo ya kutuliza moyo kwenye simu, kila mwenye huzuni alimpa jiwe na daftari.

"Mimi Mlutheri, Saada. Siombi mawe."

"Na mimi nina swala zangu tano. Nani kakwambia uliombe? Ni la kushika tu, mkono utulie wakati moyo unasema kweli. Wiki ya tatu hii unaandika uongo."

Beatha hakubisha. Miaka miwili nyuma alikuwa mchumba wa Hezroni, mwalimu kule Chome, juu milimani. Siku moja ya masika waligombana kwa simu, akamwambia kwa hasira, "Kama kweli unanipenda, shuka leo hii!" Hezroni akashuka na pikipiki kwenye utelezi. Hakufika. Alianguka, mguu ukavunjika mahali pawili.

Beatha alikimbilia hospitali. Akaishia mlangoni mwa wodi. Aliuona ule mguu umening'inizwa, akageuka. Wiki ileile akabadilisha namba ya simu.

Namba aliibadilisha, ila moyo wake ulibaki uleule. Kila asubuhi akifungua mlango wa duka aliitazama milima, akajiuliza kama huko juu kuna ukungu, kama Hezroni amevaa sweta. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita "fundi" kwa sauti ile, kama vile neno lenyewe ni jina la kubembeleza.

Siku hiyo aliinama, akaandika bila kufuta:

*Sikuukimbia mguu wake. Niliyakimbia macho yake. Niliogopa atanisamehe, nami sikujua pa kuuweka msamaha huo. Nampenda. Sijaacha hata siku moja.*

Saada akasoma, akalifunga daftari.

"Haya, sasa umesema. Lakini shoga yangu, maneno haya yana mwenyewe. Daftari haliwezi kukujibu."

Namba ya Hezroni Beatha aliijua kwa kichwa. Akaandika ujumbe: "Ni mimi Beatha. Nina neno la kukwambia. Ukikataa nitaelewa."

Ujumbe ukasomwa. Kimya. Siku ya kwanza, ya pili. Beatha akakata kitambaa cha mteja mshazari, akajilaumu, akakata kingine vilevile. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Haloo?"

"Fundi."

Akakaa chini palepale, juu ya vipande vya vitambaa.

"Hezroni... umenyamaza siku mbili nzima."

"Wewe umenyamaza miaka miwili." Akavuta pumzi. "Nikuulize kitu kimoja tu. Ulikimbia kilema?"

"Hapana! Hezroni, hapana! Wallahi nge..."

"Umeanza kuapa kama Saada."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kilio.

"Njoo uniambie uso kwa uso," Hezroni akasema. "Mambo ya kwenye simu yametosha."

Jumamosi Beatha alipanda basi hadi Makanya, chini ya milima, akapata gari la kupanda mlimani. Alifika Chome mchana, viatu vimejaa tope jekundu. Aliyefungua mlango ni mama yake Hezroni.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Marahaba. Siku ile pale wodini nilikuona."

Beatha akashikilia kizingiti. "Uliniona?"

"Nilikuona umesimama, umejishika mdomo, unalia. Mwanangu alipoamka akaniuliza, 'Beatha amekuja?' Nikamwambia hukukanyaga."

"Mama?" Sauti ilitoka nyuma ya mama. Hezroni alikuwa amesimama sebuleni, ameegemea fimbo. "Ulisema nini?"

"Nilikuwa na hasira, baba. Nikaona wewe umelala pale kwa sababu yake."

"Kila siku nilikuuliza. Kila siku, mama!"

Mama akajifunika uso kwa khanga, akaenda jikoni. Beatha akamsogelea Hezroni, akasimama hatua moja mbali naye.

"Usimkasirikie. Alidanganya kwa hasira, mimi ndiye niliyekaa kimya miaka yote. Nilikuita kwenye mvua, ukaumia, nikajificha. Ndilo neno nililokuja nalo."

"Mfupa uliunga kwa miezi minane," Hezroni akasema taratibu. "Nilishajua njia ni mbaya, nikaja kwa akili zangu mwenyewe. Hilo sikuwahi kukulaumu. Nilikulaumu kwa kiti kitupu pale kando ya kitanda."

"Najua."

"Unajua nilikuwa nakifunika kwa koti langu ili mtu mwingine asikikalie?"

Beatha akaimaliza ile hatua moja. Hezroni akamshika kwa mkono usio na fimbo, akamng'ang'ania.

Walikula makande watu watatu, bila maneno mengi. Mama hakumwangalia Beatha usoni, lakini alimjazia sahani mara mbili.

Wiki tatu baadaye, wazee wa Chome walishuka Same, nyumbani kwa kina Beatha, kuleta posa. Mshenga alipotaka kuanza, mama yake Hezroni akainua mkono.

"Samahani, ndugu zangu. Nimekuja kuomba binti. Lakini huyu binti nilimsingizia kwa mwanangu, na miaka miwili ya watu imepotea mikononi mwangu. Kabla sijaomba mke, naomba radhi."

Baba yake Beatha akakohoa, akavua miwani, akaifuta na shati.

Jikoni, Beatha alikuwa amesimama na kijiko mkononi, anasikiliza. Chai ikachemka, ikapanda, ikamwagikia mkaa, naye hakusogea.