Sauti Iliyoitikia

"Nani alimwitikia aliyebaki nje?" aliuliza kiongozi wa matembezi. Kibandani kila mtu aliinama.

Ni mwenzangu wa chumba, basi! Siku ile ya likizo upepo mkali uliwavamia yeye na wenzake mlimani mchana. Kiongozi aliwaingiza kibandani, akaita majina kabla ya kufunga mlango. Binamu ya mwenzangu alikuwa bado nje akipiga picha. Mwenzangu akabana sauti, "Nipo!", kama tunavyoitikiana darasani mmoja akichelewa, eti binamu asigombezwe. Komeo likashuka. Mlango uligongwa hadi jioni. Wakasema ni upepo. Binamu hakuonekana tena.

"Shoga, hata huko?" nilimfokea. Akalia tu.

Sasa mhadhiri akiita jina la mwenzangu, kabla hajafumbua mdomo, sauti ya binamu huitikia nyuma yetu: "Nipo!"

Kesho nitachelewa darasani. Tafadhali, nawe unayenisikiliza, usiniitikie.